Kabla Mwalimu Mkuu Hajaondoka

Lewiston, Maine, Marekani

Baba Mdogo,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Kumbe Mwalimu Mkuu wetu hapo Masuguru amepata uhamisho, barua ya Mkurugenzi imeshatoka, na wewe kama mwenyekiti wa kamati ya shule umebebeshwa hafla ya kumuaga. Mchango wangu namtumia Mama Mdogo wiki hii. Ila kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko mchele na kuku, ndiyo maana nimeamua kuandika badala ya kupiga simu.

Na sisi huku tumeondokewa na mkuu wa shule. Aliondoka Juni, maana Maine shule zinafungwa Juni na kufunguliwa mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Nimefundisha hisabati chini yake tangu nilipofika, na kuondoka kwake kumenifundisha mambo ambayo ningependa ninyi myajue mapema.

Kwanza uujue mji wenyewe. Lewiston ni mji wa viwanda vya nguo vya zamani, kando ya mto Androscoggin, na wafanyakazi wengi wa viwanda hivyo walikuwa watu wa Quebec, Kanada, wanaosema Kifaransa. Viwanda vilipokufa, nyumba zikabaki tupu. Kuanzia 2001 wakaanza kuingia Wasomali, na miaka michache baadaye wakawafuata wale wanaoitwa Wabantu wa Somalia. Hao, Baba Mdogo, wengi wao ni damu yetu. Ni vizazi vya Wazigua waliotolewa kwetu katika karne ya 19, wakati wa njaa na biashara ya utumwa, wakavushwa hadi mashamba ya mto Shabelle. Baadhi wakatoroka, wakaweka makazi bonde la Juba, na Kizigua hawakukiacha. Vita vya 1991 vikawakimbiza hadi Dadaab, Kenya. Mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwapokea, na ndege zikaanza kuwaleta 2003. Wengine ndio wale wa Chogo, hapo Handeni, ambao kufikia 2009 serikali yetu ilikuwa imeshaanza kuwapa uraia.

Basi fikiria mtoto wa Masuguru anaingia darasani Marekani, anasikia watoto nyuma wanateta kwa Kizigua. Mama mmoja aliposikia natokea upande wa Handeni na Korogwe alinishika mikono yote miwili, hakuniachia mpaka nimemtajia ukoo wa bibi yangu.

Mkuu wa shule aliyeondoka alikuwa mama wa Kimarekani. Kila asubuhi, hata theluji ikiwa imefika magotini, ungemkuta mlangoni mabasi yanaposhusha watoto: koti la njano, redio ya upepo mkononi, na macho yake yako kwenye mikono ya watoto. Asiye na glavu aliitwa kwa jina, taratibu, wenzake wasisikie, akaelekezwa ofisini kwenye droo ya chini. Mle mlikuwa na glavu, soksi na kofia za sufu. Sijamwona hata siku moja akimuuliza mtoto kwa nini amekuja hivyo.

Alijua na mambo ambayo hayakai kwenye faili. Wakimbizi wengi karatasi zao zimeandikwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu siku yenyewe haikujulikana na karani wa kambini alihitaji kujaza nafasi. Shule ya Marekani hupanga watoto kwa umri, kwa hiyo tarehe hiyo ya kujazia ndiyo inayoamua mtoto akae darasa gani. Yeye alikuwa amekaa na wazazi mmoja mmoja, akajua yupi kweli ana miaka kumi na mbili na yupi karatasi imemwongezea miwili. Alijua mama yupi anafanya kazi usiku, asipigiwe simu kabla ya saa tisa alasiri. Alijua bibi yupi hapokei namba asiyoifahamu, ila ukimtuma jirani anakuja siku hiyo hiyo.

Habari za kuondoka kwake tulizipata kwa barua pepe, Ijumaa mchana. Keki ikakatwa, kadi ikazungushwa tukaweka saini, wanafunzi wakaimba. Walimu wenzangu Wamarekani walihuzunika lakini hawakushangaa. Takwimu za serikali yao zinaonyesha kwamba kati ya wakuu wa shule za umma waliokuwa kazini mwaka wa masomo 2020/21, asilimia 80 ndio waliokuwa bado kwenye shule zao mwaka uliofuata. Wengine walihama au waliacha ukuu. Wamezoea.

Mimi mgeni sikuwa nimezoea. Hapo nyumbani mwajiri wa mwalimu ni serikali. Mwalimu Mkuu akihama, wewe unabaki na cheo chako, mshahara wako na jalada lako Tume ya Utumishi wa Walimu. Huku niko kwa viza ya walimu wa kubadilishana, ya miaka mitatu, na ili iongezwe lazima shule iandike kwamba bado inanihitaji. Aliyenihoji ni yule mama. Aliyekuja kukaa nyuma ya darasa langu, akaona watoto wanaanza kunyoosha mikono, ni yeye. Alipoondoka aliondoka na ushahidi wangu. Mwalimu mwenyeji ana chama, ana shemeji kwenye bodi, ana watu aliosoma nao. Mgeni ana yule aliyemwona akifanya kazi, basi. Nilishinda kiangazi kizima nikiliwaza hilo.

Makabidhiano yake yalikuwa safi kabisa. Funguo, kompyuta, kitambulisho, bajeti, ratiba, kila kitu kilihesabiwa na kutiwa saini. Mkuu mpya akaja, kijana mwenye bidii na nia njema. Wiki za mwanzo akaamua taarifa zote kwa wazazi ziende kwa programu ya simu, kwa maandishi. Kwa shule nyingi ni uamuzi mzuri. Kwa mama asiyesoma Kiingereza ni kimya. Kikao cha wazazi kilipoitishwa, viti vya upande wetu vikabaki vitupu, na mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba familia hizi hazijali elimu. Baba Mdogo, niliumia. Wale ni watu ambao mwaka uliotangulia walijaa mpaka tukaazima viti vya maktaba.

Na kulikuwa na mvulana wa tarehe 1 Januari. Mfumo ukamsukuma darasa la juu, akawa anakaa na vijana wenye sharubu. Akaanza kuumwa tumbo kila asubuhi ya hisabati.

Tulimwendea mkuu mpya, mimi na mwalimu wa Kiingereza kwa wageni. Namshukuru alisikiliza. Alichukua kalamu, akaandika majina, akauliza la pili na la tatu, kisha akaenda nyumbani kwa yule mvulana akakaa na baba yake. Mtoto alirudishwa darasa lake kabla ya Krismasi. Simu kwa akina mama zimerudi. Lakini muhula mzima ulikuwa umekwenda, na ungeweza kuokolewa kwa mazungumzo ya jioni moja kati ya anayeondoka na anayeingia.

Mazungumzo hayo ndiyo ninayoyaombea Masuguru. Tangu 2016, fedha za elimu bila ada zilipoanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, makabidhiano yetu yamekuwa makali upande wa fedha, na ni sawa. Mtakagua taarifa ya benki, leja ya vifaa, madawati, mihuri. Nakuomba kamati iongeze kikao kimoja kabla ya hafla, bila wageni na bila hotuba: Mwalimu Mkuu, wewe, mwalimu wa taaluma, na huyo mpya kama atakuwa ameshafika. Mpitie darasa baada ya darasa. Nani anakaa kwa bibi. Nani hukosa shule msimu wa kuvuna mahindi, na ni nani pale nyumbani anayesikilizwa akiambiwa. Binti yupi wa darasa la saba ameshaanza kuzungumziwa mambo ya kuolewa. Mzazi yupi ukimwita kwa barua anakasirika, lakini ukimfuata shambani anakuelewa. Na walimu pia, hasa wale wapya waliopangiwa kutoka mbali ambao hapo kijijini hawana ndugu: aseme mbele ya mwenzake kila mmoja anaweza nini.

Yeye amekaa nanyi miaka mingi, hatakataa. Nadhani atafurahi kuulizwa.

Msalimie Mama Mdogo, na Bibi umwambie dawa ya macho nimemtumia kwa mtu anayefika Dar mwisho wa mwezi. Mkishakaa kikao hicho nipigie, hata kama huku ni usiku.

Mwanao,
Lewiston