Kipa wa Pili

Najua hapa tumezoea kuzungumza vitabu, kwa hiyo nianze na mwandishi ili nisifukuzwe mlangoni. Albert Camus alikuwa kipa. Alidaka katika timu ya vijana ya Racing Universitaire d'Alger, kule Algiers, mpaka kifua kikuu kilipomwondoa uwanjani mwaka 1930 akiwa na miaka 17. Kila makala ya Camus na mpira huishia hapo, kwa huzuni, na mimi kila nikisoma nabaki na swali langu la kijinga: nani alidaka mechi iliyofuata? Maana goli halikubaki wazi. Kuna kijana aliambiwa, "Wewe, vaa." Alijisikiaje?

Nauliza kwa sababu nilikuwa kijana huyo. Si Algiers. Muheza, mkoani Tanga, mwaka 2002, kidato cha tatu.

Kwenye timu ya mpira, kipa wa pili ni kiumbe wa ajabu. Beki wa kulia akikosa namba anaweza kujaribiwa kushoto. Straika wa akiba anaingizwa dakika ishirini za mwisho, akifunga moja kesho anaanza. Kipa wa pili hana dakika ishirini. Anavaa jezi, anampigia mwenzake mashuti ya kumpasha moto, halafu anaenda kukaa na chupa za maji. Ili aingie, lazima yule wa kwanza apatwe na jambo. Kadi nyekundu, homa, mfupa. Hakuna njia nyingine, labda kocha achukie mtu.

Ndiyo maana namfuatilia Iker Casillas kuliko kipa mwingine yeyote. Simaanishi yule nahodha aliyenyanyua Kombe la Dunia Johannesburg mwaka 2010; huyo kila mtu anamjua. Namaanisha yule wa mwanzo. Alizaliwa Madrid tarehe 20 Mei 1981, akalelewa Móstoles, akaingia shule ya soka ya Real Madrid akiwa mtoto wa miaka tisa hivi. Novemba 1997 alikuwa darasani, ana miaka 16, akaitwa: timu kubwa imepungukiwa kipa, inakwenda Norwei kucheza na Rosenborg, chukua vitu vyako. Hakucheza. Alikaa benchi, akarudi shule. Lakini angalia alivyoitwa. Hakuna aliyesema kijana ameiva. Walipungukiwa.

Miaka miwili baadaye Bodo Illgner, Mjerumani aliyekuwa kipa namba moja, akawa majeruhi, na tarehe 12 Septemba 1999 kocha John Toshack akampanga Casillas dhidi ya Athletic Bilbao, kwenye uwanja wa San Mamés. Sare ya 2-2. Mei 2000, siku nne tu baada ya kutimiza miaka 19, alidaka fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Paris na Madrid wakaifunga Valencia 3-0. Ungedhani mambo yameisha hapo, kiti ni chake. Wapi! Msimu wa 2001/02 ulipofika ukingoni alikuwa benchi tena. Kocha Vicente del Bosque alikuwa anamwamini César Sánchez.

Sasa turudi Muheza.

Shule yetu ilikuwa ya kutwa na timu yetu ilikuwa na kipa mmoja wa maana. Alikuwa kidato cha nne. Jina lake nalihifadhi; sisi wadogo tulimwita Kaka, na hapa atabaki Kaka. Alikuwa na glovu, pea pekee shule nzima, amezishona kwa uzi wa fundi viatu mpaka zilikuwa uzi kuliko glovu. Mazoezini tuligawana: yeye anavaa ya kulia, mimi ya kushoto, ili, alivyosema, na mimi nizoee. Siku ya mechi alivaa zote mbili. Ilikuwa haki yake na wala hakuringa nazo.

Na mimi nilikuwa namwombea mabaya. Niseme hivyo hivyo. Sikuomba afe, wala asiugue sana. Malaria ya siku tatu ingenitosha. Nilikuwa naomba usiku, kwa Mungu yule yule niliyemwomba mama apone presha, na sikuona tatizo.

Tarehe 15 Mei mwaka huo, Jumatano usiku, nilitoroka nyumbani kwenda kibanda umiza kutazama fainali, Real Madrid na Bayer Leverkusen, uwanja wa Hampden Park, Glasgow. Wengi wanakumbuka mpira ule wa Zidane uliotoka juu akauchukua hewani. Mimi nakumbuka dakika ya 68. César ameumia, anashindwa kuendelea, na kule benchi yule kijana anahangaika kuvaa. Jezi ilikuwa ya mikono mirefu, na baadaye nilikuja kusoma kwamba aliikata kwa mkasi pale pale. Akaingia baridi, bao ni 2-1, na dakika za mwisho Leverkusen wakamvamia kama nyuki. Alitoa mpira, akatoa mwingine, mmoja kwa mguu. Filimbi ilipolia alikuwa analia machozi.

Kibandani watu walipiga makofi. Mimi nilitembea kurudi nyumbani gizani nikiwaza: kumbe inawezekana. Kumbe mtu akianguka, unaingia, na dunia inakupenda. César sikumfikiria hata kidogo.

Siku kumi hivi baadaye tulisafiri kwenda kucheza na shule ya jirani. Tulipanda lori la shamba la mkonge, tukaimba njia nzima. Uwanja wao ulikuwa umeinamia upande mmoja, na mvua za masika zilikuwa zimekula udongo wa golini. Wakati wa kupasha nilikuwa nampigia Kaka mashuti, mpira mmoja ukapita, nikaufuata nyuma ya goli. Nilipokuwa narudi nikaliona jiwe. Lilikuwa hatua moja kutoka nguzo ya kushoto, limechomoza kwenye udongo kama goti la mtu. Nililigusa kwa kidole cha mguu, halikutikisika. Kaka alikuwa anaongea na mabeki. Nikasema moyoni, nitamwambia. Halafu refa akaita timu.

Ningeweza kukuambia nilisahau. Kwa miaka kadhaa ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba kipindi cha kwanza tulidaka upande ule mwingine, na mapumziko yalikuwa dakika kumi, na kwa dakika zote kumi nilikuwa nimekaa pembeni yake tunagawana chungwa.

Kipindi cha pili, sijui dakika ya ngapi, straika wao akapiga chini kushoto. Kaka aliutoa. Ule mpira aliutoa, jamani, ukaenda kona. Kisha hakuinuka. Mtulinga ulikuwa umevunjika. Mwalimu wa michezo akanitazama akasema, "Wewe, vaa." Nikamvua Kaka glovu mwenyewe, taratibu, ya kulia kwanza. Zilikuwa na jasho lake. Alikuwa ameng'ata meno lakini akaniambia, "Krosi zao fupi, toka mapema."

Nilitoka mapema. Tulishinda 1-0 na waliporudi kwenye lori walinibeba mimi. Yeye alikaa mbele na dereva.

Juni 16, Jumapili mchana, tulikwenda pamoja kibanda umiza, yeye mkono umefungwa kwenye kanga ya mama yake. Hispania na Ireland, kule Suwon, Korea Kusini. Casillas alikuwa golini, na kama hujui alifikaje, ni hivi: siku chache baada ya ile fainali ya Glasgow, Santiago Cañizares, aliyekuwa kipa namba moja wa Hispania, aliangusha chupa ya manukato kwenye chumba chake cha hoteli, kioo kikamkata mshipa wa mguu. Kombe la Dunia likamwishia kwenye sinki. Kijana wa miaka 21 akachukua goli. Siku ile alitoa penalti ya Ian Harte katikati ya mchezo, na mechi ilipokwisha 1-1 wakapigiana matuta. Mwairelandi mmoja aligonga mtambaa panya, wengine wawili Casillas akawatolea. Hispania ikapita 3-2.

Kibanda kizima kilikuwa kinarukaruka. Mtu mmoja nyuma yetu, mjuzi wa magazeti, akawa anawasimulia wenzake habari za ile chupa. Kaka akacheka mpaka akashika bega. Halafu akanigeukia, bado anacheka, akasema: "Sasa huyu mdogo ndiye alimshikia chupa?"

Nilicheka pia. Nililipia maandazi.

Kaka hakudaka tena. Bega lilipona vibaya, na mwaka ule alikuwa na mtihani wa kidato cha nne. Mimi nilidaka mpaka nikamaliza shule, nikajaribiwa timu moja ya daraja la chini Tanga mjini, nikaachwa. Kwa hiyo usidhani jiwe lile lilinipa maisha. Lilinipa mechi kumi na nne.

Nilipofika ukubwani nikaanza kuwafuata makipa kama wengine wanavyofuata ukoo. Januari 2013, kwenye mechi na Valencia, beki wa timu yake mwenyewe, Álvaro Arbeloa, alimpiga Casillas teke la mkono bila kukusudia na mfupa ukavunjika. Madrid wakamleta Diego López, naye akaishika ile nafasi hata Casillas alipopona. Mwaka 2014 López akahamia AC Milan. Tarehe 25 Oktoba 2015 kocha Siniša Mihajlović akamweka López benchi, mzima wa afya, akampanga dhidi ya Sassuolo mtoto wa miaka 16 na miezi minane anayeitwa Gianluigi Donnarumma. Milan walishinda 2-1. Siku hiyo magazeti yote yalikuwa na sura ya yule mtoto. Mimi nilitafuta picha ya López akiwa amekaa. Nilitaka kuona mtu ambaye hajavunjwa na chochote, ameondolewa tu. Kusema kweli nilimwonea wivu Donnarumma. Hakudaiwa na mfupa wa mtu.

Kaka sasa ana duka la vifaa vya ujenzi Tanga. Mtoto wake wa kiume ana miaka 15, amerithi urefu, yuko kwenye akademi moja, na ni kipa wa pili. Mwezi uliopita alinitumia picha ya kijana amekaa na chupa za maji, na ujumbe: "Mwanao benchi tena. Nimwambie nini, kipa mwenzangu?"

Nilifikiri muda mrefu kisha nikaandika: "Mwambie asichoke kumpigia mwenzake mashuti. Na kabla ya mechi akague goli, yote mawili, akiona kitu aseme."

Tiki zikawa za bluu. Akaandika, akaacha, akaandika. Kisha ikaja: "Hilo la kukagua nilishamwambia siku nyingi. Siku ile nilikuona ukiligusa."

Hakuweka hata ile sura ya kucheka. Wiki tatu sasa sijamjibu. Jana alinitumia bei mpya za mabati kama kawaida yake, maana anajua ninajenga, na mwishoni akaandika kijana ataanza Jumamosi, kipa wa kwanza ana mafua. Nitakwenda kumtazama. Makala hii nitamtumia kabla ya hapo, leo leo, nisije nikaghairi.