Missa Luba na Kikohozi Nilichokifuta



Wengi wenu mmekwisha kuisikia Missa Luba hata kama hamkuambiwa jina lake. Ni misa ya Kilatini iliyovikwa nyimbo na ngoma za kwetu, na ilizaliwa Kamina, Katanga, chini ya uangalizi wa Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Wavulana wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15, waliiimba bila karatasi ya noti: kiongozi alitangulia, wengine wakamjibu, kama tunavyojibizana sisi usiku wa matanga. Mwaka 1958 kwaya hiyo ilisafiri hadi Ulaya, na santuri yake ikaenea duniani, miaka 30 kabla Roma haijaidhinisha, mwaka 1988, misale ya majimbo ya Zaire.

Mimi niliijua kwa kaseti ya baba mdogo, iliyochakaa hata ngoma zikawa kama mvua juu ya mabati. Baadaye ndugu mmoja aliyetoka Bukavu aliniletea nakala iliyosafishwa. Mafundi wa kazi hiyo huiacha santuri yenye mikwaruzo na kurudi kwenye utepe wa kwanza uliotoka studioni. Kisha huipima sauti kwa umakini mkubwa, pengine mara 96,000 kwa kila sekunde, ilhali CD ya kawaida hupimwa mara 44,100.

Niliisikiliza usiku, umeme ukiwa umekatika, kwa visikilizio vya kuazima. Nilisikia kiganja kikigusa ngozi ya ngoma. Nilimsikia Joachim Ngoi akiongoza Kyrie, na nyuma yake wavulana wakivuta pumzi kabla ya kumjibu. Pumzi ya watoto! Fundi angeweza kuifuta, lakini aliiacha. Hapo nikaona aibu, na sababu yake nawaeleza.

Mwaka 2020 nilikuwa nikiongoza kwaya ya vijana hapa Kamituga. Siku moja tulirekodi kwa simu wimbo wa ofertorio. Katikati ya ubeti wa pili kijana mmoja wa sauti ya nne alikohoa. Alikuwa akishinda shimoni wiki nzima, na vumbi la mawe lilikuwa limemkaa kifuani. Nilikasirika. Nilitafuta programu ya kusafisha sauti, nikakifuta kikohozi kile, na pamoja nacho ikafutika karibu sauti yake yote, kwa maana programu ile haikujua kuvitenga viwili hivyo. Wimbo ukatoka mtamu. Nakala ya kwanza niliifuta kwenye simu ili nipate nafasi.

Mnaikumbuka Septemba ya mwaka ule, mvua ilipoangusha mashimo na makumi ya watu wakafa. Dunia nzima ilitangaza. Kijana wetu hakufa siku hiyo. Alifia miezi michache baadaye katika shimo dogo ambalo hakuna redio iliyolitaja.

Mama yake ni twangaise, mmoja wa akina mama wanaotwanga mawe ya dhahabu kutwa nzima. Baada ya mazishi alinijia, akaniomba wimbo. Alisikiliza mara tatu, simu ikiwa imebanwa sikioni, mikono yake ingali na unga wa mawe. Akaniuliza kwa upole, «Mwalimu, mtoto wangu anaimba wapi humu?»

Nilimwonyesha mahali. Nilimdanganya.

Nabii Eliya alimngojea Bwana katika upepo mkali, katika tetemeko na katika moto, naye alikuja kwa sauti ndogo tu. Nimelifundisha somo hilo miaka mingi, na sikulisikia lilipokohoa mbele yangu. Silaumu usafishaji wa sauti. Bila huo nisingeisikia pumzi ya wale wa Kamina. Lakini fundi anayestahili heshima hujua kwanza ni nini asichopaswa kukigusa, na mimi sikuuliza.

Kwenye nakala yangu ya Missa Luba hayamo majina ya wale wavulana 45. Nimeyatafuta. Siku hizi, tukimaliza kurekodi, kila mwimbaji husogea karibu na simu na kutaja jina lake, kuanzia sauti ya kwanza hadi ya nne, hata mwenye mafua. Mwaka huu, siku ya kumwombea kijana wetu, nilikwenda kwa mama yake nikamweleza ukweli wote. Alinyamaza kitambo, kisha akaniletea kiti.