Macho Huonja Kabla ya Ulimi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Divai ya Ufaransa yaonyesha kwamba si kila mara. Mwaka 2001 wataalamu wa Bordeaux walitangaza matokeo ya jaribio lao. Wanafunzi 54 wa elimu ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Macho yaliamua, pua ikatii.

Ubishi juu ya mizabibu inayokuzwa bila mbolea ya chumvichumvi wala dawa za kisasa hauna budi kukumbuka jambo hilo. Mnywaji mmoja, akiyasoma maelezo hayo ubavuni mwa chupa, huapa kwamba ladha ni safi zaidi. Mwenziwe, kwa kuyasoma hayo hayo, hukunja uso. Wote wawili wameonja maandishi, si divai.

Basi thamani ya kilimo hicho isitafutwe ulimini, bali shambani, tena kwa haki. Mkulima wa namna hiyo naye huruhusiwa kunyunyiza mrututu ili kuzuia ukungu, na shaba yake hubaki udongoni miaka mingi. Ndiyo maana mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Udongo na afya ya kibarua anayenyunyiza dawa hupimika. Ladha humfuata mnywaji na yale aliyoyasoma.