Banská Bystrica, Mji wa Shaba Uliomlea Hamšík

Mpenda soka akisikia jina la Marek Hamšík, mawazo yake yanakwenda moja kwa moja Napoli, na ana haki. Huko ndiko kiungo huyo alikocheza mechi 520 na kufunga mabao 121 kati ya 2007 na 2019, akiwa na jezi namba 17 mgongoni na nywele zilizosimama mithili ya upanga wa jogoo. Lakini kabla ya Napoli kulikuwa na Banská Bystrica, mji wa katikati ya Slovakia alikozaliwa tarehe 27 Julai 1987. Nimeutembelea, na nasema bila kusita: wasafiri wetu wanaoishia Vienna na Prague wanajinyima kitu kizuri sana.

Treni ya kutoka Bratislava hupitia Zvolen, na safari inachukua zaidi ya saa tatu. Hakuna sababu ya kuzihesabu. Nyanda za mashamba zinaisha taratibu, milima inasogea, na mto Hron unajitokeza upande mmoja wa reli, unapotea, unarudi tena. Ukishuka unakuta mji wa watu kama 75,000 uliozungukwa na misitu pande zote. Kaskazini mashariki ni Tatra ya Chini, kaskazini magharibi ni Fatra Kubwa, na kilima cha Urpín kimeusimamia mji wenyewe kwa karibu hivi kwamba unaweza kukipanda asubuhi na kurudi kabla jua halijawa kali.

Uwanja mkuu wa mji hauingii magari. Nyumba zake za matajiri wa zamani zimepakwa rangi ya waridi, ya kijani na ya manjano, na mbele yake watu wazima wameketi na kahawa huku watoto wakichezea maji ya chemchemi. Mnara wa saa uliojengwa 1552 umeinama. Kilele chake kimehama takriban sentimita 40 kutoka pale kinapopaswa kuwa. Panda ngazi zake. Ukiwa juu utaona paa za vigae vyekundu, kanisa la kale, kisha milima, na utaelewa kwa nini watu wa hapa hawana haraka ya kuhama.

Utajiri uliojenga nyumba hizo ulitoka ardhini. Mwishoni mwa karne ya 15 familia ya Thurzo iliungana na wenye benki wa Augsburg, familia ya Fugger, kuchimba na kuuza shaba ya milima hii, nayo ikasafiri mbali kuliko mchimbaji yeyote wa wakati ule alivyoweza kufikiri. Mwaka 2008, wachimbaji wa almasi kwenye pwani ya Namibia waliyakuta mabaki ya meli ya Kireno iliyozama katika miaka ya 1530 ikielekea India. Ndani yake mlikuwa na tani nyingi za shaba, na vipande vingi vilikuwa na alama ya Fugger. Njia hiyo ya India ndiyo iliyozileta meli za Wareno mbele ya Msumbiji na Malindi. Msomaji wa Lubumbashi au Kolwezi, anayejua shaba inavyoweza kuujenga mji na kuuchosha, atajikuta nyumbani akisikiliza habari za hapa.

Mgodi wenyewe ulikuwa Špania Dolina, kijiji kilicho mlimani kilomita chache kaskazini ya mji. Nenda. Nyumba za wachimbaji zimejipanga kwenye mteremko, na ngazi za kupandia kanisani zimeezekwa paa tangu chini hadi juu ili theluji isiwasumbue waumini. Ipo nyumba ambamo ubao ulikuwa ukigongwa kuwaita wanaume kazini. Wake zao walifuma lesi kwa vijiti vya mbao, na ufundi huo bado upo. Kilichonishika zaidi ni habari ya maji. Maji ya mgodini yalikuwa na shaba ndani yake. Yakipita juu ya chuma, chuma kinaliwa na shaba inakaa mahali pake. Watu waliona kama chuma kimegeuka shaba mbele ya macho yao. Mafundi wakatengeneza vikombe kwa njia hiyo, wakavichora maneno ya kuusifu muujiza, na wageni wakavinunua.

Rudi mjini ukale. Chakula chao kikuu ni bryndzové halušky, vidonge vidogo vya viazi na unga vilivyochemshwa na kuchanganywa na jibini laini ya maziwa ya kondoo, kisha juu vinamwagiwa vipande vya nyama ya nguruwe vilivyokaangwa hadi kukauka. Asiyekula nguruwe aombe isiwekwe. Jibini peke yake inatosha kukijaza kinywa ladha, hasa ukiteremshia na glasi ya maziwa ya mgando.

Podlavice, alikokulia Hamšík kisoka, ni pembezoni mwa mji, mahali ambapo nyumba zinakwisha na vilima vinaanza. Klabu ya mtaa huo, Jupie, ndiyo iliyomfundisha mpira. Kutoka hapo alichukuliwa na Slovan Bratislava, na mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 17, akahamia Brescia ya Italia. Napoli ilipomsajili 2007 ndiyo kwanza ilikuwa imerejea Serie A. Alikaa hadi klabu hiyo ikawa tishio tena. Vilabu vya kaskazini vyenye fedha nyingi vilimtaka, naye akabaki. Katika fainali ya Kombe la Italia ya 2012 alifunga bao la pili Juventus walipolala 2-0. Tarehe 23 Desemba 2017 alifunga bao la ushindi dhidi ya Sampdoria, mchezo ukaisha 3-2, na kwa bao hilo la 116 akaipita rekodi ya Diego Maradona. Katika mji unaomuenzi Maradona kama Napoli unavyomuenzi, mgeni kutoka milima ya Slovakia alipigiwa makofi kwa kumpita. Mimi sijui heshima kubwa kuliko hiyo kwa mchezaji.

Kwa Waslovakia wenyewe, kumbukumbu kubwa iko Afrika. Nchi yao, huru tangu 1993, ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza Afrika Kusini mwaka 2010, na nahodha alikuwa Hamšík, kijana wa miaka 22. Tarehe 24 Juni, uwanjani Ellis Park, Johannesburg, waliwafunga Italia 3-2 na kuwatoa mabingwa watetezi mashindanoni. Baadaye alipita China na Sweden, akatwaa ubingwa wa Uturuki na Trabzonspor mwaka 2022, wa kwanza kwa klabu hiyo tangu 1984, na mwaka 2023 akatundika daluga. Aliichezea timu ya taifa mara 138. Hakuna Mslovakia aliyemfikia.

Podlavice leo ina shule ya soka yenye jina lake. Ameurudishia mtaa wake kile ulichompa, na hilo kwangu lina uzito kuliko makombe.

Ukipanga safari, lenga mwishoni mwa Agosti. Hali ya hewa ni nzuri, na tarehe 29 ni sikukuu ya taifa: siku hiyo mwaka 1944 Waslovakia walianza kupigana na majeshi ya Ujerumani, na Banská Bystrica ndiyo iliyokuwa makao yao makuu. Makumbusho ya mapambano hayo, jengo la zege lililopasuliwa katikati na kufunguliwa 1969, yako hatua chache kutoka uwanja mkuu. Anza nayo asubuhi, panda Špania Dolina mchana, na jioni fika Podlavice uone watoto wakicheza. Usikubali kuiona Slovakia ukaishia Bratislava.