Menengai: Chungu Kilicho Motoni Chini ya Nakuru

Ukitoka mjini Nakuru na kupanda mlima ulio kaskazini, utashangaa kuona hauna kilele. Ufikapo juu, ardhi inakatika ghafla, na chini yako kuna shimo la kilomita 12 hivi kwa 8, lililojaa mawe meusi, vichaka na mvuke. Hiyo ndiyo Menengai. Wenyeji husimulia kwamba mvuke huo ni roho za mashujaa wa Kimaasai waliotupwa humo vitani katika karne ya 19.

Wataalamu nao wana kisa chao. Wengi hudhani chini ya volkeno kuna ziwa la moto. Sivyo. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hupanda kutoka chini sana na kukwama njiani. Hapo hukaa maelfu ya miaka ikipoa polepole. Sehemu kubwa huwa kama uji wenye chembechembe: fuwele nyingi, majimaji kidogo.

Fuwele zinazotangulia kuganda huchukua chuma na magnesi, na kwa uzito wake huzama. Majimaji yanayobaki huzidi kuwa na silika, ile iliyomo katika mchanga na kioo, nayo huwa mazito na ya kunata. Gesi hunaswa humo, kama katika chupa ya soda iliyotikiswa. Kifuniko kikifunguka, pana kishindo! Menengai ililipuka hivyo maelfu ya miaka iliyopita. Chumba cha chini kikapungua, paa lake likaporomoka, na kilele kikatumbukia.

Je, magma ingali huko? Naam. Visima vya mvuke vilianza kuchimbwa mwaka 2011, na katika baadhi yake, kina cha kilomita 2 hivi, wachimbaji waliifikia magma yenyewe. Vikaja juu vipande vya kioo: mwamba uliokuwa majimaji, ukagandishwa ghafla. Ni mahali pachache duniani palipotokea hivyo, kama Krafla, Iceland, mwaka 2009.

Joto hilo sasa linatupa umeme. Mtambo wa kwanza wa Menengai ulianza kazi mwaka 2023. Lakini volkeno hii imelala tu, haijafa, na mji unazidi kupanuka miguuni pake. Kuichunguza ni kulinda maisha ya watu.

Mzazi, ukiwapeleka watoto, wavae viatu imara na wasikaribie ukingo. Kisha waonyeshe mvuke, uwaulize: chungu hiki kinapikwa na nani?