Kilwa Kisiwani: Njia ya Bahari Iliyoleta Mbegu

Ndugu msomaji, leo tusafiri pamoja. Tunakwenda Kilwa Kisiwani, katika Mkoa wa Lindi. Lakini kabla hatujapanda mashua, nikueleze kwa nini nilikwenda huko.

Mimi ni bwana shamba. Katika kijiji ninachofanya kazi, mahindi yalikauka miaka miwili mfululizo. Nikapeleka mbegu ya mtama. Mzee mmoja aliipokea, akaitazama, akanirudishia.

"Bwana shamba," akasema, "mtama ni chakula cha ndege. Chakula chetu sisi ni mahindi na muhogo. Ndivyo tulivyoachiwa na babu zetu."

Sikuwa na jibu. Nilisema, "Nimekusikia, mzee," nikaondoka. Miezi michache baadaye nilipata safari ya kazi Lindi. Siku ya mapumziko nikavuka kwenda kisiwani. Jibu nililikuta huko.

Mji wa mawe

Kutoka Kilwa Masoko ni mwendo mfupi kwa mashua. Ukishuka, jambo la kwanza utakaloona ni ngome. Panda kidogo utaufikia Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya zamani ina umri wa karibu miaka 900. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Tazama juu: bado kuna makuba yaliyosimama.

Nenda upande mwingine, juu ya bahari. Hapo ndipo palipokuwa na jumba la Husuni Kubwa. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Lilijengwa zamani za Sultani Al-Hasan bin Sulaiman. Mwaka 1331 msafiri kutoka Moroko, Ibn Battuta, alifika Kilwa akaonana na sultani huyo. Aliusifu mji huo kuwa ni miongoni mwa miji mizuri.

Utajiri huo ulitoka wapi?

Upepo na dhahabu

Wavuvi na manahodha wanajua jibu. Ulitoka kwenye upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi. Upepo huo ulileta majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na India. Kuanzia Aprili huvuma kusi, nao uliyarudisha kwao. Jahazi liliweza kufika Kilwa na kurudi kwa mwaka mmoja. Lakini likitaka kwenda mbele zaidi, hadi Sofala huko Msumbiji, lilihitaji muda mrefu zaidi. Kwa hiyo watu wa Kilwa ndio waliokwenda Sofala, wakaleta dhahabu na pembe za ndovu, wakawauzia wageni.

Dhahabu hiyo haikuchimbwa pwani. Ilitoka bara, katika nchi ya Zimbabwe ya leo. Watu waliibeba hadi pwani. Kilwa ilikuwa na sarafu zake za shaba, na moja ya sarafu za Al-Hasan bin Sulaiman imechimbuliwa Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari. Hapo pia vimekutwa vipande vya bakuli za China. Vipande kama hivyo utaviona Kilwa, vimelala mchangani. Usiviokote! Ni ushahidi wetu. Tangu mwaka 1981 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia.

Pamoja na bidhaa walikuja watu. Wengine walioa wakabaki. Dini ya Kiislamu ikaenea. Maneno nayo yakaingia: nahodha na bandari ni maneno ya Kiajemi. Lakini lugha yenyewe, Kiswahili, ilibaki ya Kibantu. Wazee wa pwani walipokea walichokitaka, wakakifanya chao.

Mbegu nazo zilisafiri

Sasa sikiliza, ndugu mkulima. Mnazi ulitoka Asia kwa njia ya bahari. Mgomba pia, na muwa, na mwembe. Mpunga huu tunaolima mabondeni asili yake ni Asia. Je, mahindi na muhogo? Hayo yalitoka Amerika. Yalifika Afrika kwa meli za Wareno, baada ya mwaka 1500. Hata mkorosho, fahari ya Lindi na Mtwara, ulitoka Brazili.

Na mtama? Mtama ni wa Afrika! Ulianza kulimwa upande wa Sudan, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Zamani sana, kabla Kilwa haijajengwa, ulivuka bahari hadi India, na huko unaliwa mpaka leo. Sisi hatukupokea tu. Tulitoa pia.

Biashara ya mabavu

Nisikufiche mabaya. Watu pia waliuzwa utumwani katika njia hizo, na katika karne ya 18 biashara hiyo ya aibu ilikua sana Kilwa. Wareno nao hawakuja kununua na kuuza kwa hiari. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliulazimisha mji ulipe kodi. Mwaka 1505 wenzake waliuteka, wakaupora, wakajenga ngome. Mwaka 1512 waliondoka, lakini biashara ya dhahabu ilikuwa imekwisha kuharibika. Kupokezana hustawi kwa hiari. Kwa bunduki hufa.

Hilo lilinifunza na mimi. Mbegu hailazimishwi.

Niliporudi kijijini nilimwendea yule mzee. Nilimsimulia yote haya, tukiwa tumekaa chini ya mwembe wake. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe uliniletea cha babu yangu, nami nikakirudisha!"

Alichukua vibaba viwili tu. Akapanda mtama kando ya mahindi yake. Mahindi hakuyaacha, wala sikumwambia ayaache. Kuhusu ndege alisema kweli, kwa hiyo tumekubaliana na majirani kupanda siku moja na kulinda kwa zamu.

Nawe, ndugu msomaji, jioni ya leo tazama chakula kilichomo katika sahani yako. Waulize watoto: kipi kilitoka wapi? Kisha, ukiletewa mbegu usiyoijua, usiikatae wala usiisifu upesi. Ipande katika kipande kidogo cha shamba, uitazame msimu mzima. Ndivyo walivyofanya wazee wetu.