Kumbe Taa Haikuwa na Kosa

Mwenye nyumba asiyejua mali yake inakokwenda huanza kuwashuku watu wake. Yaliyonipata hapa Gitega nayaeleza ili yawe funzo kwa wazazi wenzangu.

Mwaka jana dada yangu mkubwa, akaaye Muyinga, alinikabidhi binti yake apate kusomea kwangu. Mtoto huyu ana bidii. Kila usiku, sisi tukiisha kulala, yeye hukaa sebuleni na vitabu vyake, na taa ile huwaka saa nne nzima. Basi umeme wetu wa kulipia kabla ulipoanza kwisha upesi, uniti 30 zikitumika kwa siku 12 tu, sikutafuta ushahidi. Nilimwita, nikamwambia mbele ya wanangu, “Wewe ndiwe unayetumalizia umeme.” Akainamisha kichwa, akajibu, “Nisamehe, Mjomba.” Tangu siku hiyo akawa analala mapema, na mwisho wa muhula alama zake zikashuka.

Likizo ilipofika alirudi kwao. Nikanunua uniti 30 nyingine, nikijisifu kwamba safari hii zitamaliza mwezi. Siku ya 12 nyumba ikawa giza.

Hapo ndipo ualimu niliosomea uliponirudia, kwani hesabu haina upendeleo. Mita yangu ina kitaa chekundu kinachometameta, nayo imeandikwa kwamba kikiwaka mara 1,000, uniti moja imekwisha. Jumamosi moja nilizima kila kitu, nikaiacha taa ya sebuleni peke yake. Ni taa ya wati 9. Nikasimama mbele ya mita na saa mkononi. Baina ya mmweko mmoja na wa pili zilipita karibu dakika saba. Kisha nikaizima, nikachomeka hita tunayochemshia maji ya kuoga, maana asubuhi za Gitega zina baridi. Hiyo ni ya wati 2,000. Kitaa kiliwaka mara 33 katika dakika moja!

Nikachukua daftari. Taa ya wati 9 kwa saa 4 kila usiku, siku 30, hutumia uniti moja na kidogo tu. Hita kwa saa moja kila siku hutumia uniti 2. Yaani maji ya kuoga ya asubuhi moja yalikula umeme ambao ungemtosha mtoto yule kusoma karibu miezi miwili. Na aliyeinunua hita hiyo, akaagiza iwashwe kila alfajiri, ni mimi. Hakika kikulacho ki nguoni mwako.

Mama watoto aliniambia neno moja tu: “Ulimkemea mbele ya watu, kamwombe radhi mbele ya watu.” Nilipanda gari kwenda Muyinga. Njiani tulivuka Mto Ruvubu, ambao maji yake huteremka hadi maporomoko ya Rusumo, yanakozalishwa megawati 80 zinazogawanywa baina ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Nikawaza: umeme wenyewe ni haba, nami nimeupoteza katika ndoo, kisha nikamnyima mwanafunzi mwanga.

Mbele ya dada yangu nilifungua daftari, nikasoma hesabu yote, nikaomba radhi. Dada alinyamaza kitambo. Binti akatazama tarakimu, akasema, “Mjomba, basi nitaweza kusoma tena?” Swali hilo lilinichoma kuliko lawama yoyote.

Sasa hita huwashwa nusu saa tu, chombo kikiwa kimefunikwa, na sisi wakubwa tunaoga maji ya vuguvugu. Uniti 30 hufika siku 20, na taa ya sebuleni huwaka kama zamani.

Wazazi wenzangu, kabla hujamtuhumu mtoto, zima vyombo vyote, kisha uwashe kimoja kimoja huku ukiitazama mita. Ni kazi ya asubuhi moja. Mimi niliikosa, na gharama yake aliilipa mtoto asiye na kosa.